Haiku juu ya meza yetu: hotuba kwa klabu ya kompyuta za zamani

Ndugu Mwenyekiti, wanaklabu wenzangu, na nyinyi wageni mnaokutana nasi leo kwa mara ya kwanza, habari za mchana.

Kabla sijaanza kueleza, naomba tuiwashe mashine. Hii ni kompyuta mpakato ambayo mwenyewe alikuwa ameshaiweka kando, kwa sababu mfumo uliokuwamo ulikuwa umeielemea hadi kufungua barua moja kukawa kazi ya kusubiri. Sikubadilisha kitu chochote ndani yake. Nimechomeka flashi hii tu. Nabonyeza kitufe, hesabuni pamoja nami kwa sauti.

Mnaiona ile safu ya alama ndogo kwenye skrini? Kila hatua ya kuwaka inapokamilika, alama moja inapata rangi. Mashine ikikwama njiani, unatazama alama ya mwisho iliyowaka na unajua pa kuanzia kutafuta. Ile ya mwisho kabisa ni roketi. Haya, nayo imewaka. Wengine mmesema kumi na tatu, wengine kumi na nne. Meza ya kazi hiyo hapo, tayari kutumika, na hakuna kitu kinachoendelea kujipakia kimyakimya nyuma yake.

Mfumo huu endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine nzima, unaitwa Haiku. Hauna undugu na Windows. Si Linux iliyovishwa nguo nyingine. Nilipomwambia Katibu kwamba nitaleta mfumo mbadala, baadhi yenu mlitarajia FreeDOS, ambayo Jim Hall aliianzisha mwaka 1994 na ambayo humu ndani ina wapenzi wengi. Wengine mlitaja RISC OS ya Acorn, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2018, au KolibriOS, iliyoandikwa kwa lugha ya asembli na inayoenea kwenye diski laini moja ya megabaiti 1.44. Ningeileta yoyote kati ya hiyo kwa moyo mweupe. Nimechagua Haiku kwa sababu imejengwa juu ya imani moja ambayo naiona inatoweka kwenye kompyuta za leo: kwamba mashine haina haki ya kumsubirisha mtu aliyekaa mbele yake.

Maneno peke yake hayatoshi hapa. Mwanangu, wewe uliyekaa mstari wa mbele, njoo ushike kipanya. Usiogope, hutaharibu kitu. Nafungua video hii. Nafungua na ya pili. Sasa naongeza birika hili linalozunguka, ambalo wapenzi wa mfumo huu wanalijua tangu zamani, na huku nyuma nanakili folda kubwa kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski. Shika kile kichupo cha njano juu ya dirisha la video, ulitikise dirisha huku na huku kwa nguvu zako zote. Endelea. Wazee, mnaona? Video haikukatika. Birika halikusimama. Dirisha linaufuata mkono wa mtoto kama kivuli chake.

Jambo hili lilipangwa tangu msingi. Katika mifumo mingi, programu huwa na uzi mmoja wa kazi, yaani mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa kwa zamu, unaopokea kila kitu kinachotoka kwa mtumiaji: mbofyo, herufi, amri ya kuchora upya. Uzi huo ukizama kwenye kazi nyingine, tuseme kusoma faili kubwa, madirisha yote ya programu hiyo yanaganda, na wewe unabaki kubofya mahali pasipo na mwenyewe. Katika Haiku kila dirisha lina uzi wake ndani ya programu, na upande wa seva inayochora skrini kuna uzi mwingine wa dirisha hilohilo. Kwa hiyo dirisha moja likizidiwa, jirani yake haliguswi, na prosesa zenye viini vingi zinapata kazi ya kugawana bila mwandishi wa programu kuomba.

Hiyo ina gharama, na itakuwa vibaya nisipoisema. Mwandishi wa programu analazimika kufikiri kuhusu nyuzi tangu siku ya kwanza: nani ameshika kufuli gani, ujumbe gani unapita kati ya dirisha na dirisha. Wanaohamisha programu kutoka mifumo mingine hujikuta wakihangaika, kwa maana msimbo wao ulidhani kuna uzi mmoja tu. Kwa maoni yangu gharama hiyo imewekwa mahali pake. Mwandishi mmoja anaumia mara moja, na watumiaji wote wanapumzika kila siku.

Ngoja nizime kiini kimoja cha prosesa. Nasema kweli. Programu hii ndogo inaitwa Pulse. Inaonyesha mzigo wa kila kiini kwa mstari wa rangi, na ukibofya kitufe cha kiini, kinaondolewa kazini papo hapo. Tazameni mstari huu ukishuka na ule wa jirani ukipanda. Video bado zinakwenda. Sasa nakirudisha. Asante, mwanangu, kaa tu hapahapa, nitakuhitaji tena.

Sasa historia, nayo naomba mnivumilie, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nasimama mbele yenu na mfumo huu mkononi.

Mwaka 1990 Jean-Louis Gassée aliondoka Apple, alikokuwa msimamizi wa uundaji wa bidhaa, akaanzisha kampuni iliyoitwa Be pamoja na Steve Sakoman. Walitaka kujenga kompyuta mpya na mfumo mpya tangu kwenye msingi, bila kubeba mizigo ya miaka iliyopita. Mashine zao za majaribio zilitumia prosesa ya Hobbit ya AT&T. AT&T ilipoacha kuitengeneza prosesa hiyo, wakalazimika kuhamia PowerPC. Oktoba 1995 waliionyesha BeBox kwa umma: prosesa mbili za PowerPC 603 za megahezi 66, wakati ambapo kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilikuwa na moja. Tena 603 haikubuniwa kufanya kazi wawiliwawili kwenye bodi moja. Wahandisi wa Be waliongeza saketi zao wenyewe ili zielewane. Mbele ya kasha kulikuwa na safu mbili za taa ndogo, kila safu ikipanda na kushuka kwa kadiri prosesa yake inavyofanya kazi. Nyuma kulikuwa na tundu la pini 37 lililoitwa GeekPort, kwa ajili ya watu kama sisi, la kuunganishia saketi za kujitengenezea, na lenye fyuzi za kulilinda. Hebu fikirini: kampuni inauza kompyuta, na inakuwekea mlango wa kuingilia na chuma chako cha kulehemu.

BeBox zilizotengenezwa hazikufika 2,000. Januari 1997 uzalishaji ulisimama. Kabla ya hapo lilikuwa limepita lile tukio ambalo mashabiki wa BeOS, yaani mfumo endeshi wa Be, hawajaacha kulijadili. Apple ilikuwa inatafuta mfumo wa kurithi ule wake uliochoka, ikaongea na Be, mazungumzo yakashindwa kwenye bei, na Desemba 1996 Apple ikatangaza kuinunua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, kwa zaidi ya dola milioni 400. Yaliyofuata mnayajua.

Be wakahamishia BeOS kwenye mashine za Intel mwaka 1998. Machi 2000 wakatoa toleo la tano, R5, lililokuwa na nakala ya bure iliyokaa ndani ya Windows kama faili moja. Ukilibofya, kompyuta inawaka upya ikiwa BeOS. Mimi niliuona mfumo huu kwa njia hiyo. Nilikuwa na mashine dhaifu, na nilikuwa nimeshazoea kuamini kwamba udhaifu wote ni wa mashine. Siku hiyo nikaona chuma kilekile, kumbukumbu ileile, kikicheza muziki bila kukwaruza huku nikifungua madirisha kumi. Nilikaa hadi usiku wa manane. Tangu hapo kila mtu akiniambia kompyuta yake imezeeka, kwanza namuuliza imebeba nini.

Lakini sokoni mambo yalikuwa magumu. Kwa maelezo ya Be yenyewe mahakamani, watengenezaji wa kompyuta walikuwa wamefungwa na mikataba ya Windows isiyowaruhusu kumwonyesha mteja mfumo wa pili anapowasha mashine. Hitachi iliuza kompyuta Japani zikiwa na BeOS ndani ya diski, ila hapakuwa na menyu ya kuichagua. Mnunuzi alipaswa kufuata maelekezo ya Be ili kuizindua. Be iliishtaki Microsoft mwaka 2002, na mwaka 2003 shauri likamalizwa kwa malipo ya dola milioni 23.25, bila Microsoft kukiri kosa. Pesa hizo zilikuta nyumba tupu. Mali za Be zilikuwa zimeshakwenda kwa Palm, kampuni ya kompyuta za mkononi, tangu 2001, kwa hisa za thamani ya dola milioni 11.

Hapa ndipo kwa kawaida simulizi za mashine zetu zinapoishia. Kampuni inafungwa, mashine zinaingia kwenye maboksi, na baada ya miaka sisi tunazitoa, tunazipangusa, tunabadilisha kapasita zilizovuja. Ila mwezi uleule Palm ilipotangaza ununuzi ule, tarehe 18 Agosti 2001, watu waliokuwa wanautumia mfumo huu walianza mradi wa kuuandika upya wote, chini ya uongozi wa Michael Phipps. Waliuita OpenBeOS. Mwaka 2004 ukapata jina la Haiku, kwa kumbukumbu ya kivinjari cha BeOS ambacho, ukurasa ukikosekana, kilimpa mtumiaji shairi fupi la Kijapani badala ya nambari ya kosa.

Uamuzi wao wa kwanza ndio ninaouheshimu kuliko yote. Walikuwa na mawazo mapya chungu nzima, kama kila mtu anayeanza mradi. Wakayaweka kando. Wakasema: kwanza tutaijenga R5 kama ilivyokuwa, kiasi kwamba programu ya zamani ikiwekwa juu yake isijue kwamba sakafu imebadilishwa. Wakajigawa katika makundi, kila kundi na sehemu yake: sauti na video, mafaili, michoro, mtandao. Keneli, yaani kiini cha mfumo, waliichukua kutoka NewOS, kazi ya Travis Geiselbrecht, ambaye alikuwa mhandisi wa Be. Tracker na Deskbar, yaani kidhibiti cha mafaili na upau ule mnaouona pembeni, Be ilikuwa imeshaufungua msimbo wake. Mengine yote waliyaandika kwa kusoma maelezo ya kiufundi yaliyochapishwa, kujaribu, na kulinganisha tabia. Ni kama kubadilisha nguzo za nyumba moja moja huku wenyewe wamelala ndani, na asubuhi wasijue.

Niwaonyeshe usingizi wenyewe. Hii ni Gobe Productive, programu ya ofisi ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyoandikwa na watu waliowahi kuijenga ClarisWorks. Sikuibadilisha hata baiti moja. Ni faili lilelile lililotengenezwa kwa ajili ya BeOS. Nabofya mara mbili. Mmeiona? Imefunguka. Naandika sentensi, naweka jedwali, nachora duara juu yake. Programu hii haina habari kwamba kampuni iliyotengeneza mfumo wake imekufa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Mafundi wa msimbo mlioko hapa mtataka kujua gharama. C++ ilibadilisha namna ya kupanga vitu ndani ya mashine baada ya GCC 2.95 ya mwaka 1999, ambayo ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa. Programu iliyojengwa kwa mpangilio ule wa zamani haiwezi kuzungumza na maktaba ya mfumo, yaani msimbo ambao programu zote hushirikiana, iliyojengwa kwa mpangilio mpya. Basi toleo la biti 32 la Haiku linaendelea kubeba mpangilio ule wa zamani, na kando yake kompaila mpya kwa ajili ya programu mpya. Miaka yote hiyo watu wamekuwa wakiandika mfumo wao kwa namna ambayo kompaila ya 1999 itaikubali, ili Gobe ya watu wachache isife. Toleo la biti 64 halina mzigo huo, na kwa hiyo haliendeshi programu za BeOS. Mkienda kulichukua, jueni mnachagua lipi. Na mwenye BeBox, kama yupo, nasikitika kumwambia kwamba Haiku haiendeshwi kwenye mashine yake. Inahitaji prosesa za ukoo wa Intel, kuanzia Pentium II.

Nimefika kwenye sehemu niliyokuwa naisubiri tangu asubuhi.

Folda hii inaitwa Mashine za Klabu. Ndani yake kuna mafaili, moja kwa kila mashine tuliyo nayo kwenye rafu zetu. Angalieni safu ya ukubwa: sifuri, sifuri, sifuri. Hakuna kitu ndani ya faili hata moja. Lakini angalieni safu nyingine: jina, mwaka, prosesa, hali, tatizo. Commodore 64, 1982, mbovu, adapta ya umeme. Tusiichomeke hiyo, jamani, adapta zile zikizeeka hupandisha volti na kuunguza kumbukumbu. Atari 520ST, 1985, nzima. Macintosh Plus, 1986, mbovu, skrini. Amiga 500, 1987, mbovu, bodi imeliwa na maji ya betri iliyovuja.

Maelezo hayo yote yanakaa kama sifa za faili, na mfumo wa mafaili wenyewe ndio unaoyatunza. Unaitwa BFS. Waliubuni Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon walipokuwa Be. Giampaolo baadaye alikwenda Apple, akawa miongoni mwa waliojenga Spotlight, kitafutio cha Mac, kwa hiyo wenye Mac mmeshaionja sehemu ya fikra hii bila kujua ilikotoka. Faili lolote linaweza kupewa sifa zozote unazotaka, na sifa ukiiwekea faharasa, mfumo unaipanga kama daktari anavyopanga kadi za wagonjwa wake: hauhitaji kupekua diski nzima ili kujibu.

Naunda swali sasa. Nipe mashine zote ambazo hali yake ni mbovu na mwaka wake ni kabla ya 1990. Enta. Sita. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho, ingawa diski hii ina maelfu ya mafaili mengine.

Mwanangu, tafuta lile la Macintosh Plus kule kwenye folda yake ya kwanza. Bofya juu ya neno mbovu, andika nzima, kisha Enta. Nyinyi wengine tazameni dirisha la swali, ambalo hakuna aliyeligusa.

Faili limetoweka. Zimebaki tano. Sasa rudisha mbovu, tusidanganye kumbukumbu za klabu. Limerudi. Dirisha hilo linaendelea kuuliza kwa muda wote litakaokuwa wazi, na mfumo wa mafaili unalijulisha kila kinachobadilika, popote kwenye diski. Hakuna programu ya hifadhidata iliyofunguliwa hapa. Hakuna akaunti wala seva ya mtu fulani. Ni mafaili yetu, kwenye diski yetu.

Barua pepe kwenye mfumo huu ni hivyohivyo. Kila barua ni faili moja, na mtumaji, kichwa, tarehe na kama imesomwa ni sifa zake. Kila mtu kwenye kitabu cha anwani ni faili. Wimbo una sifa za mwimbaji na albamu. Matokeo yake ni kwamba programu ya barua ukiichoka unaitupa, unachukua nyingine, na barua zako ziko palepale, kwa sababu hazikuwa zake. Nimewahi kuhangaika siku tatu nikijaribu kuzitoa barua zangu za miaka minane kutoka ndani ya faili moja la siri la programu iliyokuwa imeacha kufanya kazi. Aliyewahi kupitia hayo anaelewa kwa nini sauti yangu inapanda ninapofika hapa.

Mambo mawili mtayahitaji mkiijaribu nyumbani. Faharasa iwekwe kabla ya kujaza mafaili, kwa amri ya mkindex, kwani haiyarudii yale yaliyotangulia kuandikwa. Hayo itabidi sifa zake ziandikwe upya ndipo yaonekane. Na msinakili mafaili haya kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT, mfumo wa mafaili wa flashi nyingi. FAT haijui sifa ni nini, inabeba jina na vilivyomo tu, na hapa vilivyomo ni sifuri. Nilipoteza orodha nzima ya kwanza ya klabu kwa namna hiyo, kazi ya wiki mbili, na nilipofungua flashi nikakuta majina matupu. Yafungeni kwanza kwenye faili la zip hukuhuku ndani ya Haiku. Zip ya humu inahifadhi sifa.

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Ikoni hizi mnazoziona, nikizikuza hadi zijae skrini hazichakai, kwa kuwa zimechorwa kwa mistari badala ya nukta. Ikoni moja kwa kawaida ina baiti 500 hadi 700. Sababu ni nzuri sana: kwa udogo huo inatosha kukaa kwenye nafasi ileile ambamo diski inatunza taarifa za faili, hivyo kompyuta ikisoma taarifa za faili imeshaisoma na ikoni yake, bila safari ya pili. Mtu alikaa akaubuni muundo mzima wa picha ili diski isifanye safari ya pili. Huyo alikuwa anamfikiria mtu aliyekaa mbele ya skrini.

Jambo jingine, kwa haraka. Programu huja kama pakiti ambayo haifunguliwi na kumwagwa kwenye diski. Inabaki imefungwa na mfumo unasoma ndani yake. Ukisasisha mfumo na kitu kikaharibika, unashikilia Shift wakati wa kuwaka, unapata menyu, unachagua hali ya juzi, na mashine inawaka kama ilivyokuwa juzi.

Mapungufu yapo, nayo ni makubwa. Mfumo ni wa mtumiaji mmoja. Hakuna ukuta kati yako na mtoto wako kwenye mashine hiyohiyo, na programu yoyote unayoifungua ina mamlaka yako yote. Kadi za michoro hazitumiki kwa kazi za pande tatu, hata birika lile lilichorwa na prosesa yenyewe, kwa hiyo michezo mikubwa sahauni. Kivinjari chake, WebPositive, kinaelemewa na kurasa nyingi za leo. Draiva nyingi za mtandao, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia kadi za mtandao, zimeazimwa kutoka mifumo mingine, FreeBSD na OpenBSD, na ni msaada mkubwa, lakini kompyuta yangu ya kwanza niliyoijaribu haikuona Wi-Fi kabisa na nilitumia waya kwa mwaka mzima. Na bado ni beta, yaani toleo la majaribio. Alfa ya kwanza ilitoka Septemba 2009, beta ya kwanza Septemba 2018, ya tano Septemba 2024. Toleo la kwanza kamili bado linasubiriwa.

Mtu mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaingia, kama miaka yote hiyo si ushahidi kwamba wameshindwa. Nilimjibu kwa ufupi, sasa nimjibu vizuri. Wanaojenga Haiku ni wachache, na wengi wao wanaijenga baada ya kazi nyingine za mchana, chini ya leseni ya MIT inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuutumia. Hawana mwekezaji anayewahimiza watoe kitu kabla hakijaiva. Kampuni yenye mamilioni ilidumu miaka kumi na moja. Hawa wameshapita mara mbili ya hapo, na mashine iliyokuwa inakwenda kutupwa imewaka mbele yenu kwa sekunde kumi na nne.

Nimeandaa flashi kumi, ziko kwenye boksi hili. Nakala ya mfumo iliyomo inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na haigusi diski yako hadi wewe mwenyewe useme isakinishwe. Mwenye Pentium III aliyoileta leo aje wa kwanza, tafadhali, nina hamu nayo kuliko zote. Tukikuta draiva imekataa tutaiandika kwenye karatasi, na jioni nitaipeleka kwa wanaoujenga mfumo, pamoja na jina kamili la kadi.

Ila kabla hamjasimama. Fundi wetu, wewe uliyekaa kule nyuma tangu saa tatu na chuma cha kulehemu, nimesikia mlio wa diski ya Amiga 500 wakati naongea, na nimewaona walio karibu nawe wakigeuka. Imewaka? Basi njoo hapa mbele, sitaki kuiandika mimi. Faili lake ni hili. Safu ya hali, hapa. Wengine tazameni dirisha la swali, bado liko wazi, na bado zimo sita.

Haya, kaka. Andika.